Chama Kinachopenda Askari

Héritier mwanangu,

Mambo ya soksi, sabuni na dawa ya malaria mama yako ameshayamaliza. Amefunga begi lako mara tatu na kulifungua mara tatu, na sasa yuko jikoni anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, ambayo najua hatayala. Wewe umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Ni saa kumi, jua bado linawaka juu ya mabati ya jirani, na mimi nimekaa hapa mezani na daftari la shule la dada yako, kwa sababu kuna swali uliniuliza Jumapili na sikukujibu.

Ulikuwa umerudi kutoka uwanjani. Ulivaa fulana ya chama, ile yenye picha ya mheshimiwa wao kifuani. Ulituambia amewaita vijana wa Ituri wasikae tena kulilia ndugu zao, anayependa nchi aende jeshini, na kwamba chama chake ndicho baba na mama wa askari. Jina lako ulikuwa umeshaliandikisha. Hukutuuliza. Mama yako alishika ukingo wa meza. Wewe ukanigeukia mimi, mtu pekee ndani ya nyumba hii aliyewahi kubeba bunduki ya serikali, ukauliza: "Baba, kweli kabisa, ni parti gani inapendaka askari?"

Nikakuambia kula kwanza.

Sikunyamaza kwa kukosa jibu. Nilinyamaza kwa sababu jibu linaanza na kosa langu, na kosa lenyewe lina jina la mtu unayemfahamu. Jana nilikwenda kumwona mtu huyo, na ndiye aliyeniambia nisikuache upande ndege kesho bila kujua. Kwa hiyo naandika. Tangu Jumapili silali vizuri na chakula hakina ladha.

Nianze na mguu.

Ulipokuwa mdogo nilikuambia mguu wangu ulikatwa na bomu nikimwokoa mwenzangu. Ukawaambia watoto wa kartie, mtaa wetu, nao wakawa wanakuja kunipigia saluti mlangoni. Sikuwahi kusahihisha. Ukweli ni huu. Tulikuwa kwenye kilima upande wa Bambu, huko Djugu, watu ishirini na kitu. Asubuhi moja wanamgambo walitushambulia kutoka pande mbili. Ajida Jérôme, mkubwa wangu kwa cheo na rafiki yangu wa miaka tisa, alipigwa tumboni. Alikufa kabla ya saa sita nikiwa nimemshika mkono. Mimi nilipigwa chini ya goti. Jeraha halikuwa kubwa. Muuguzi wetu, kijana wa Équateur aliyejua Kilingala tu, aliniambia nikifika hospitali siku hiyo nitatembea kwa miguu yangu miwili.

Gari la kunichukua halikuja siku hiyo. Siku ya pili wakatuambia gari lipo ila mafuta hakuna. Siku ya tatu mafuta yakapatikana, gari likaenda kwanza kupokea wageni kutoka Kinshasa. Risasi haikuchukua mguu wangu, Héritier. Mguu uliondoka kwa zile siku tatu.

Lakini si hilo linalonitia aibu. Mwenzetu mmoja alikuwa na redio ndogo, na jioni ya siku ya tatu tuliisikiliza. Mwanasiasa mmoja alikuwa anahutubia mahali fulani, akatutaja, mashujaa wetu walioko Djugu, akasema chama chake hakitatusahau. Watu wakapiga makofi ndani ya ile redio. Mimi nilikuwa nimelala chini ya turubai, nanusa mguu wangu mwenyewe unaooza, na nilijisikia vizuri. Nataka ulijue hilo kuhusu baba yako. Nilijisikia vizuri sana, nikamwambia muuguzi aongeze sauti.

Aliyenitoa pale ni mama mmoja mfanyabiashara wa maharage. Kamio yake, lori kubwa, ilikuwa imejaa magunia mpaka juu. Alipoona jeraha langu hakuuliza mimi ni nani wala natoka kabila gani. Aliamuru vijana wake washushe magunia ya katikati, wakayaacha kando ya njia, katika nchi ile ambayo kitu kilichoachwa njiani hakirudi. Wakanilaza katikati ya mengine. Mpaka Bunia alinishikia kichwa ili kisigonge ubao. Sijui jina lake. Sijui anapigia kura nani.

Baada ya hapo unakumbuka mwenyewe. Tuliondoka kambi ya jeshi tukaja hapa Mudzipela, mama yako akaanza kuuza samaki wa ziwani, mimi nikajifunza kushona viatu nikiwa nimekaa. Askari wa zamani walikuwa wanapita kwenye kibanda changu, wengine kwa magongo, mmoja asiyeona, na wajane wawili watatu. Tulikuwa tunakaa tu. Nikawa kama msemaji wao kwa sababu najua kuandika na Kifaransa changu kinapita kidogo.

Ndipo kampeni ikaja, na vyama vikakumbuka kwamba tupo.

Wa kwanza alikuja na magari mawili. Nisimtaje jina. Ni tajiri na ana watu wake hapa mjini. Alinikuta na kiatu cha mtu mapajani, akainama akanipa mikono yote miwili, akaniita "mon sergent" mbele ya majirani. Tangu nikatwe mguu hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Akasema chama chake kina mpango wa askari waliolemaa na wajane wao, na anahitaji mtu wa kuwakusanya. Wiki ileile wakaja watu wa chama kingine, nao wakasema chao ndicho cha askari kweli, hao wengine ni waongo. Nilichagua. Nikikuambia nilipima sera zao nitakuwa nakudanganya. Nilichagua wale wa kwanza kwa sababu kwenye mkutano wao waliniwekea kiti mbele, pembeni ya wazee na mapasta, na mtu alikuja kukifuta vumbi kabla sijakaa.

Alikuwapo na wa tatu. Mwalimu Anselme, ambaye chama chake sidhani kilikuwa na watu wa kujaza kanisa dogo. Alikuja kwa baiskeli na kijitabu mkononi. Hakusema anapenda askari. Aliuliza kila mmoja wetu anakosa nini, akaandika. Alipofika kwa Mama Denise alikaa muda mrefu.

Mama Denise ni mjane wa Ajida Jérôme. Sasa umeelewa ninakokwenda. Denise unamjua. Mlicheza pamoja kambini, na siku hizi unanunua mandazi yake pale Bankoko hata ukiwa umeshiba, nami sikuwa nauliza kwa nini.

Wakati ule Mama Denise alikuwa bado anaishi kambini na watoto wake watatu, katika chumba kimoja cha mabati. Bwana wake hakuwa ameandikwa popote kuwa amekufa. Baada ya lile shambulio wengine walikimbia, karatasi zikachanganyika, na kwenye orodha Jérôme aliwekwa kati ya wasiojulikana walipo. Mke wa mtu asiyejulikana alipo si mjane. Wengine walithubutu kusema ametoroka. Alikuwa ameletewa begi la bwana wake na jozi ya viatu, na vile viatu havikuwa vyake.

Mwalimu Anselme alifunga kijitabu chake, akanigeukia.

"Sajenti, weye ulikuwa pale alipokufa?"

Nikasema nilikuwa pale, nilimshika mkono.

"Basi haiko kazi ya parti, hii. Enda naye ku biro, useme vile uliona, utie sinyatiri. Karatasi itatoka."

Hicho ndicho alichoniambia, Héritier. Niende naye ofisini, niseme nilichokiona, nitie sahihi. Nikamjibu nitakwenda. Na nilikusudia kwenda, hilo Mungu analijua. Lakini jioni nilipomweleza mheshimiwa wangu, yule wa magari mawili, juu ya yule mjane, alinyanyua uso kama mtu aliyeona kitu cha thamani. Akasema nisiende ofisini kwanza. Habari kama hiyo ikisemwa mbele ya watu, na yeye mwenyewe akiwa pale, serikali yote itasikia, na si karatasi moja itakayotoka, zitatoka za wajane wote. Nilimwamini. Au niseme vizuri zaidi: nilitaka kumwamini, kwa sababu mimi ndiye ningesimama pembeni ya yule mama nikiwa nimeshika maikrofoni.

Nilikwenda kambini kumwomba. Alikataa. Nikarudi mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuniangalia.

"Miye naogopa, sajenti. Hapa mu kambi kila neno inafikaka kwa mukubwa."

Nikamwambia, "Usiogope. Parti iko nyuma yako."

Nilisema maneno hayo mwenyewe, kwa mdomo huu. Akaacha kuchambua mchele, akaniuliza kama mimi, rafiki wa bwana wake, nina hakika. Nikasema nina hakika.

Siku ya mkutano alivaa kitenge chake cha kanisani. Mabafle, zile spika kubwa za chama, yalikuwa yamepiga muziki tangu asubuhi, na yalipozimwa watu walikuwa bado wanacheka. Akaanza kusema. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alisema juu ya vile viatu. Alisema kila anapoingia ofisini anaulizwa bwana wake yuko wapi, na yeye ndiye aliyekwenda kuuliza. Watu wakaacha kucheka. Kisha mheshimiwa akamnyang'anya maikrofoni kwa upole, akapaza sauti kwamba hivyo ndivyo wale walioko madarakani wanavyowatendea askari, na mabafle yakawashwa tena. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Jumatatu alipewa siku saba za kuondoka kambini. Walimwambia kambi si mahali pa siasa, na kwa vile hana karatasi ya ujane hana haki ya kile chumba. Walikuwa na kanuni upande wao, na kanuni ile ingeshindwa na sahihi yangu. Ningekuwa nimeweka karatasi ile mkononi mwake wiki mbili mapema, angewaonyesha tu, na angebaki.

Nilimpigia mheshimiwa. Akasema atalishughulikia. Siku ya tatu simu ilipokewa na kijana wa itifaki, akasema mheshimiwa yuko Mahagi kwenye kampeni. Siku ya tano haikupokelewa.

Hapo nikafanya kosa la pili, na hili mama yako mwenyewe halijui. Nilikwenda kwa wale wa chama kingine. Nikameza aibu, nikaketi kwenye benchi lao kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Walinisikiliza vizuri. Wakasema wanaweza kuzungumza na watu kambini, ila mjane huyo apande kwanza kwenye jukwaa lao, aseme kwamba alidanganywa na mpinzani wao. Ningepaswa kuwatukana na kuondoka. Badala yake nikachukua magongo yangu nikaenda kumpelekea ujumbe ule.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Vyombo vyake vilikuwa tayari vimefungwa ndani ya shuka.

"Sajenti," akasema, "siye ni batu. Hatuko mabafle, huyu anatuwasha leo, ule anatuwasha kesho."

Hakupandisha sauti. Aliniomba nimsaidie kushika ncha ya kamba afunge godoro, nikaishika. Aliamua kurudi kwa baba yake, kijijini upande wa Djugu, kwa sababu mjini hakuwa na mtu. Nilijua njia ile ikoje na vijiji vile vikoje. Ningepaswa kumwambia aje kwetu. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sisi tulikuwa watano, ndivyo nilivyojitetea moyoni wakati kamio inawashwa. Unakumbuka tulikwenda kumsindikiza pamoja, wewe ukampa Denise kalamu yako ya rangi nne.

Haukupita mwezi. Wanamgambo walikuja alfajiri, watu wakiwa shambani. Mama Denise alikufa pale pamoja na mtoto wake mdogo. Denise na kaka yake walitembea siku mbili mpaka wakafika kwenye kambi ya waliokimbia vita, na ndivyo walivyorudi Bunia. Wewe ulijua wameuawa. Kilichokuwa kimewapeleka kule hukukijua. Uliniona nikilia uani, ukadhani namlilia mke wa rafiki yangu.

Mheshimiwa alishinda kiti chake. Kwenye kalenda aliyoigawa Januari, ile iliyotundikwa ukutani kwa wengi hapa, kuna picha ndogo ya Mama Denise ameshika maikrofoni, na chini yake wameandika kwamba chama kinawapenda wajane wa askari. Alikuwa ameshazikwa. Nilichana ile ya kwetu, mama yako akashangaa kwa nini naharibu kalenda mpya.

Baada ya maziko ndipo nilipokwenda ofisini. Nilisema nilichokiona, nikatia sahihi. Karani aliniomba nirudi kesho yake, nikarudi, karatasi ikawa tayari: Ajida Jérôme alikufa vitani, mahali fulani, mbele ya shahidi. Asubuhi mbili tu, Héritier. Nikaitia ndani ya sanduku langu chini ya nguo za kazi, na sikuweza kuipeleka kwa mtu yeyote. Nilikuwa naambiwa Denise anauza mandazi Bankoko, nikawa nabadili njia.

Jana nilikwenda. Hofu juu yako ndiyo iliyonisukuma. Niliwaza kwamba mwanangu anakwenda mahali ambapo mtu anaweza kufa asiandikwe, na mimi nina karatasi ya mtu sandukuni. Nilimkuta anatoa mandazi kwenye mafuta. Nikampa. Akapangusa mikono kwenye kitenge kwanza, akaisoma yote, hata muhuri. Kisha nikamweleza kila kitu nilichokueleza hapa, nimesimama, kwa sababu hakuniambia niketi.

Kumbe alikuwa anajua. Mama yake alimsimulia ndani ya kamio, siku ile ile.

"Mama hakukukasirikia," akasema. "Ni miye nilikukasirikia. Na mpaka leo niko nakukasirikia."

Nikasema ana haki. Akageuza mandazi. Akauliza kama wewe unajua, nikasema hapana. Hapo ndipo aliponiambia nikueleze kabla hujapanda ndege, nisikuache uende kama mama yake alivyokwenda kwenye ule mkutano. Kisha mteja akaja na mimi nikaondoka. Hakunisamehe, na sikumwomba.

Basi swali lako. Sitakuambia vyama vyote ni sawa, kwa sababu ni maneno ya mtu mvivu, na kwa sababu Mwalimu Anselme alikuwapo. Alishindwa vibaya, akarudi kufundisha hesabu. Alikuja kuniona baada ya maziko, akakaa nami, hakuniambia kwamba alinionya. Lakini hata yeye sijui angekuwa nani kama angeshinda na kupewa gari na kijana wa itifaki. Labda angekuwa yule yule. Labda simu yake nayo isingepokelewa. Jambo ninaloweza kukuapia ni dogo. Niliona chama kinachopenda askari aliye redioni na mjane aliye jukwaani. Askari aliye chini ya turubai na mjane anayefunga godoro niliona watu wakiwapenda, tena watu ambao hawakuwa wametumwa. Yule mama wa maharage. Yule muuguzi wa Équateur, aliyekesha siku tatu ananifukuzia nzi na hata lugha yangu haijui. Hao ndio niliowaona.

Sitakuzuia. Jumatatu nilifikiri kuficha vyeti vyako, nakuambia kweli, mpaka nikavishika. Mama yako ndiye aliyenizuia. Alisema, "Ukimufungia hapa, atakufa hapa, vile benzake banakufaka hapa," akaenda kutwanga. Nimefikiri kuhusu wenzako wawili waliozikwa mwaka huu, ambao hawakuwa askari wala kitu chochote. Naogopa ukienda na naogopa ukibaki, na sina mahali pengine pa kuiweka hofu hii.

Lakini acha nikutajie ninachokiogopa zaidi, maana si risasi. Naogopa siku utakaposikia jina la kikosi chako redioni na ukajisikia vizuri. Utakuwa na njaa, umelowa, na makofi ya watu wa mbali yatakupasha joto, na siku hiyo mtu akikuambia fanya hili au lile kwa jina la makofi hayo, utalifanya bila kuuliza. Mimi sikuua mtu kwa ajili ya makofi. Nilimwambia tu mjane asiogope. Ikatosha kuwaua yeye na mtoto wake. Wewe utakuwa na bunduki, na utapita kwenye vijiji vya watu walioogopa kama sisi, wengine wa kabila ambalo vijana wenzako wanalisema vibaya hapa mtaani. Ukiwaona wanafunga magodoro yao, mkumbuke Mama Denise.

Na kitu kimoja nakuomba, mwanangu. Popote watakapokupeleka, jua majina ya wenzako, jina la baba na la kijiji, si lile la utani. Akianguka mmoja mbele yako, usingoje mtu mkubwa aje kusema alivyokufa. Nenda wewe, hata kwa magongo, useme uliona, utie sahihi. Fanya hivyo wiki hiyo hiyo. Na wao wayajue ya kwako. Andika "Mudzipela" na jina la mama yako kwenye karatasi, mpe mmoja unayemwamini. Siwezi kumaliza sentensi inayofuata, unaielewa.

Nasikia sauti yako huko njiani, unaimba na wenzako. Nitakupa barua hii kesho pale kwenye kizuizi cha uwanja wa ndege, ili tusiisome pamoja.

Bado moja. Kampeni itarudi, na safari hii watakuja kutafuta wazazi wenye watoto jeshini. Watapenda kuniweka mbele, mlemavu aliyetoa na mwanawe. Watataka picha yako. Tumeshakubaliana na mama yako, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo tangu nimwoe. Tutawaambia hatuna mtoto jeshini. Tutasema kijana wetu yuko Kisangani anajifunza ufundi wa magari, na mama yako atasema hata jina la gereji. Jirani akikuandikia kwamba baba yako alikukana mbele ya watu, akiwa amesimama, kwa sauti, usiumie moyo. Ujue tu kwamba walikuja.

Mimi baba yako